Somo: Tembelea Kwanza, Uhame Baadaye



Katika somo hili tutazungumza juu ya mfanyakazi anayetaka kuhamia nchi nyingine pamoja na mke wake, au mume wake, na watoto. Hatusemi kwamba kuhama ni kosa. Kasese yetu imejengwa na watu waliohama. Reli ilipofika hapa mwaka 1956 na shaba ya Kilembe ikaanza kutolewa kwa wingi, watu walikuja kutoka pande nyingi kutafuta mshahara. Wengine walijenga, wakalima, wakasomesha watoto. Lakini uchimbaji wa shaba uliposimama mwaka 1982, ilionekana wazi kwamba mfanyakazi aliyekuwa na nyumba ya kampuni peke yake na yule aliyekuwa na kipande cha ardhi hawakuwa sawa. Wa kwanza alipoteza kazi na nyumba kwa siku moja. Wa pili alipoteza kazi tu.

Tena mwaka 2013 kampuni ya Tibet Hima ilipewa mgodi huo kwa mkataba wa miaka 25. Mwaka 2017 serikali iliuvunja mkataba. Kama mkataba uliotiwa sahihi na serikali unaweza kudumu miaka minne badala ya 25, ahadi ya mdomo ya wakala tuliyekutana naye kwenye kituo cha mabasi itadumu siku ngapi?

Wazee walisema: usiache mbachao kwa msala upitao. Somo hili linaeleza namna ya kuutazama huo msala kwa karibu kabla ya kuuacha mbacha wako. Tutachukua mfano ulio jirani nasi, yaani mfanyakazi wa Kasese au Bwera anayefikiria kuvuka Mpondwe kwenda Kasindi, Beni au Butembo katika Kongo. Lakini mengi tutakayosema yanafaa pia kwa anayetaka kwenda Kenya, Rwanda au Tanzania.

1. SAFARI YA KUTAZAMA NI NINI?

Ni safari fupi ambayo mtu hufanya kabla jamaa yake haijahama, ili aone kwa macho yake kazi, nyumba, shule, hospitali, bei za soko na usalama wa mahali anapotaka kwenda. Anakwenda na maswali, anarudi na majibu, ndipo jamaa yote inakaa na kuamua.

Safari hii si ya kuanza kazi. Hili ni jambo kubwa. Mawakala wengine humwambia mtu, “Ingia kama mgeni, kazi utaipata huko huko.” Mtu anayefanya kazi kwa karatasi ya mgeni hana nguvu mbele ya mwajiri. Akinyimwa mshahara hawezi kushtaki kwa urahisi, maana yeye mwenyewe anaogopa kukamatwa. Mwajiri mbaya analijua hilo, na ndiyo sababu anampenda mfanyakazi wa namna hiyo.

Kuna nchi ambako mfanyakazi wa kawaida hawezi kwenda kutazama kwanza. Dada zetu wanaokwenda kazi za nyumbani katika nchi za Ghuba hawaendi na jamaa zao, wala hawapati nafasi ya kuona nyumba ya mwajiri kabla ya mkataba. Hapo safari ya kutazama lazima ifanywe kwa njia nyingine: kuhakikisha katika Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii kwamba kampuni ya wakala ina leseni, na kuzungumza na watu wasiopungua watatu waliokwisha kurudi kutoka huko. Asiwe mtu mmoja, tena asiwe yule aliyeletwa na wakala.

2. USIACHE KAZI KABLA YA KUONA

Jambo la kwanza ni kuilinda kazi uliyo nayo. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mfanyakazi wa kudumu likizo yenye malipo ya siku 7 kwa kila miezi 4 ya kazi, maana yake siku 21 kwa mwaka. Tumia likizo hiyo. Omba kwa maandishi mapema, ukapatane na mwajiri juu ya tarehe. Usitoroke kazini kwa kisingizio cha msiba, kwa sababu ukifukuzwa kwa utoro utarudi kutoka safarini ukiwa huna kwa kurudi.

Ukiisha kuona na kuamua kuhama, toa notisi kama sheria inavyotaka. Aliyefanya kazi zaidi ya miezi 6 lakini hajatimiza mwaka hutoa wiki 2. Kuanzia mwaka mmoja hadi 5 ni mwezi mmoja. Kuanzia miaka 5 hadi 10 ni miezi 2. Miaka 10 na zaidi ni miezi 3. Kumbuka kwamba notisi hiyo inamfunga mwajiri vilevile. Omba pia cheti cha utumishi kinachoonyesha kazi uliyofanya na muda wake. Ni haki yako, na huko uendako cheti hicho kitakuwa shahidi wako.

Uliza pia juu ya akiba yako katika Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, yaani NSSF. Kila mwezi unakatwa asilimia 5 ya mshahara, na mwajiri anaongeza asilimia 10. Kabla ya safari, hakikisha kwamba michango yako yote imefika. Ukigundua pengo ukiwa bado kazini, katibu wa tawi anaweza kulifuatilia pamoja nawe. Ukiligundua ukiwa Butembo, utalifuatilia peke yako na kwa nauli yako.

3. MPAKA NA KARATASI

Wengi wetu tuna ndugu ng’ambo ya mto Lhubiriha. Mkonzo wa Bwera na Mnande wa Beni wanaelewana kwa lugha ya mama, na Kiswahili kinatufikisha sote sokoni. Kwa ajili hiyo watu husahau kwamba daraja la Mpondwe ni mpaka wa nchi mbili zenye sheria mbili.

Ni kweli kwamba Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2010, na kwamba Kongo ikawa mwanachama kamili wa Jumuiya mwezi Julai 2022. Itifaki inazungumza juu ya wafanyakazi kwenda huku na huku, hata kufuatana na mke au mume na watoto. Lakini nchi zilizoitia sahihi ziliambatisha orodha ya aina za kazi zilizofunguliwa, na nyingi katika orodha hizo ni kazi za watu wenye vyeti. Haki ya kusafiri na haki ya kuajiriwa ni mambo mawili. Mchuma chai au mbeba mifuko asidhani kwamba neno “Jumuiya” peke yake litamfungulia lango la kiwanda. Uganda, Kenya na Rwanda zilikubaliana tangu mwaka 2014 kwamba raia wao wavuke kwa kitambulisho cha taifa. Usichukulie kwamba kila mpaka una utaratibu huo.

Kwa hiyo, katika safari ya kutazama fanya haya:

(a) Nenda ofisi za uhamiaji za pande zote mbili, Mpondwe na Kasindi. Uliza karatasi za mgeni, karatasi za mfanyakazi na karatasi za watoto, na ada ya kila moja. Andika majibu, na ukilipa chochote dai stakabadhi.

(b) Chukua cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Uliza kama watoto wote watahitaji.

(c) Acha nakala za karatasi zako zote nyumbani, na jina la mtu utakayefikia huko.

(d) Usipige picha za daraja, askari wala kambi. Mgeni mwenye maswali mengi huweza kudhaniwa mtu mwingine. Sema wazi kwamba unatazama kazi na makao.

(e) Kumbuka kwamba saa za Beni ziko nyuma ya saa za Kasese kwa saa moja, na kwamba huko magari hupita kulia. Mtoto aliyezoea kuvuka barabara kwa kutazama upande wetu lazima afundishwe upya.

4. NANI AENDE, NA AKAE WAPI?

Katika nyumba nyingi mwanamume huenda peke yake, hurudi na maneno mazuri, na mke huambiwa afunge mizigo. Hiyo si njia ya kuamua. Mwanamume hutazama mshahara. Mke hujua kuuliza maji yako umbali gani, kuni au makaa ni bei gani, mtoto akiugua usiku anapelekwa wapi, na kama kuna mahali pa kulima mboga. Ikiwa fedha haitoshi watu wawili, mke na mume waandike maswali pamoja, na anayekwenda arudi na jibu la kila swali. Mara nyingine inafaa zaidi mwanamke ndiye aende.

Kosa la kawaida ni kufikia kwa mjomba na kukaa kwake siku zote. Kwa mjomba unakula bure, unalala bure, na siku za kwanza unachinjiwa kuku. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ukirudi baada ya siku mbili hutajua bei ya chakula wala kodi ya nyumba. Msalimie mjomba, lakini lala angalau siku kadhaa katika chumba cha kulipia, karibu na mahali unapotarajia kufanya kazi, ukanunue chakula chako sokoni. Amka saa wanayoamka wafanyakazi, uende kwa njia wanayopita wao, uone safari inachukua muda gani na nauli kiasi gani.

Usichague siku ya soko peke yake, wakati mji umechangamka. Tazama pia siku ya kawaida, na ukiweza, majira ya mvua. Sisi wa Kasese tunalielewa hilo vizuri. Mto Nyamwamba unaonekana mpole wakati wa kiangazi, lakini mafuriko ya Mei 2013 na ya Mei 2020 yalibomoa nyumba, na mwaka 2020 yaliharibu vibaya hospitali ya Kilembe. Mahali pazuri mwezi Julai panaweza kuwa kinamasi mwezi Mei.

5. MAMBO MATANO YA KUTAZAMA

Kazi. Usiridhike na maneno ya mwenye kazi. Subiri langoni zamu inapotoka, uzungumze na wafanyakazi wenyewe. Uliza: mshahara hulipwa tarehe gani hasa? Mwezi uliopita ulilipwa lini? Mnalipwa kwa mwezi, kwa siku au kwa kipande? Mtu akiumia, nani analipa hospitali? Chama cha wafanyakazi kipo? Swali la mwisho ni muhimu. Mahali ambapo watu wanaogopa hata kulijibu, umekwisha kujibiwa.

Nyumba. Uliza kodi inadaiwa kwa fedha gani na miezi mingapi mbele. Katika miji ya Kongo kodi nyingi hutajwa kwa dola za Marekani, hali mshahara wa mtu mdogo huweza kuwa kwa faranga. Faranga ikishuka, kodi haishuki. Tena noti ya dola iliyochanika hata kidogo hukataliwa. Kama nyumba ni ya kampuni, uliza: kazi ikiisha, nitapewa siku ngapi za kutoka?

Shule. Hapa ndipo watoto wengi hupoteza miaka. Mwaka wa shule wa Uganda huanza mwezi wa pili au karibu na hapo na kuisha mwezi wa kumi na mbili. Wa Kongo huanza Septemba na kuisha karibu na Julai. Kwetu shule ya msingi ni miaka 7 na masomo ya juu ni kwa Kiingereza. Kwao ni miaka 6 na masomo ni kwa Kifaransa. Mtoto aliye darasa la sita Bwera, akihama katikati ya mwaka, anaweza kurudishwa nyuma madarasa mawili kwa ajili ya lugha tu. Nenda shuleni, zungumza na mwalimu mkuu, uliza mtoto wako atawekwa darasa gani. Mwenye mtoto wa darasa la saba asubiri kwanza mtihani wake.

Afya. Tafuta zahanati iliyo karibu uone kama ina dawa na mganga. Ugonjwa hautazami mpaka. Ebola iliyotangazwa Kivu Kaskazini Agosti 2018 ilivuka hadi wilaya yetu Juni 2019, na wagonjwa walilazwa Bwera. Uliza ofisi ya afya kama kuna tangazo lolote kabla ya kusafiri.

Usalama. Hili lisemwe bila kuficha. Wananchi wa Beni wameshambuliwa mara nyingi na waasi wa ADF. Mei 2021 serikali ya Kongo iliweka Kivu Kaskazini na Ituri chini ya utawala wa kijeshi, na Novemba mwaka huo majeshi ya Uganda na Kongo yakaanza operesheni ya pamoja. Hata upande wetu hatukusalimika: tarehe 16 Juni 2023 shule ya sekondari ya Lhubiriha, Mpondwe, ilishambuliwa na zaidi ya watu 40 wakauawa, wengi wao wanafunzi. Na Januari 2025 waasi wa M23 walipoutwaa mji wa Goma, mabenki ya huko yalifunga milango, na wenye akiba wakabaki bila fedha. Kwa hiyo uliza madereva wa malori, walimu na viongozi wa dini juu ya njia, si ya mji tu. Barabara ya Kasindi hadi Beni ni kilomita 80, na mradi wa kuitengeneza ulizinduliwa Juni 2021. Lakini barabara nzuri na barabara salama si kitu kimoja. Kama watu watatu wanaoijua njia wanakuambia usipite, rudi nyumbani. Safari hiyo haikupotea bure. Imekwisha kukupa jibu.

6. HESABU

Tuchukue mfano wa kubuni. Fundi mmoja wa Kasese anapokea mkononi shilingi 450,000 kwa mwezi. Ameahidiwa kazi ng’ambo yenye thamani ya shilingi 700,000. Anafurahi: nyongeza ni 250,000! Sasa tuandike matumizi.

Nyumbani: kodi hana, anakaa nyumba ya kampuni. Chakula cha kununua 150,000, kwa sababu muhogo na maharagwe hutoka katika shamba la mke. Shule 60,000. Dawa 20,000. Jumla 230,000. Kinachobaki ni 220,000.

Ugenini: kodi 150,000. Chakula 300,000, maana shamba halipo. Shule 80,000. Nauli ya kazini 50,000. Dawa 30,000. Karatasi na vibali, vikigawanywa kwa miezi, 40,000. Jumla 650,000. Kinachobaki ni 50,000.

Mshahara umepanda kwa 250,000 na mabaki yameshuka kwa 170,000. Tena hatujahesabu kazi ya mke, ambayo kila mwezi ililisha nyumba bila kuandikwa popote, wala ile asilimia 10 ya mwajiri katika NSSF. Takwimu zako zitakuwa nyingine, lakini hesabu ni hiyo hiyo. Safari ya kutazama ndiyo inayokupa takwimu za kweli za safu ya pili.

Gharama ya safari yenyewe igawe mafungu matatu: nauli na karatasi, kula na kulala, na fedha ya kurudi. Fungu la tatu lishonwe mfukoni lisiguswe. Usikope kwa riba ili kutazama. Mwenye deni hutazama kwa macho ya deni, na kila kitu huonekana kizuri.

7. UAMUZI

Ukirudi, usitangaze uamuzi siku hiyo hiyo. Soma majibu mbele ya jamaa yote. Wasikilizwe watoto wakubwa. Kisha chagueni moja kati ya matatu: kuhama, kungoja, au kubaki. Kama ni kuhama, aende mmoja kwanza kwa karatasi halali, afanye kazi miezi kadhaa, na nyumba ya hapa isivunjwe.

Juu ya ardhi, sikilizeni vizuri. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998 na marekebisho yake hairuhusu ardhi inayokaliwa na kulisha familia kuuzwa bila idhini ya mke au mume. Usiuze kiwanja ili kulipia uhamisho. Ukikodisha, utarudi ukikute. Ukiuza, mnunuzi hatakungoja.

Na kama wakala anadai umlipe ada ili akupatie kazi, fahamu kwamba Mkataba Namba 181 wa mwaka 1997 wa Shirika la Kazi Duniani unasema, kwa jumla, kwamba wakala asimtoze mfanyakazi. Mkataba Namba 97 wa mwaka 1949 unataka wahamiaji wa kazi wapewe msaada wa bure na habari za kweli, na habari za kupotosha zipigwe vita. Haya si maombi yetu ya jana. Ni kanuni zilizoandikwa, na tawi lina haki ya kuzitaja mbele ya ofisa wa kazi wa wilaya.

MASWALI YA KUJADILI TAWINI

1. Ni nani katika kiwanda au shamba letu aliyehamia nchi nyingine na kurudi? Je, atakubali kutueleza gharama zake za kweli?

2. Kwa nini mwajiri humpenda mfanyakazi asiye na kibali?

3. Kazi gani za mke na watoto nyumbani kwako hazionekani katika hesabu ya mshahara? Ziandike na thamani yake.

4. Je, tawi letu linaweza kuandikiana na wafanyakazi wa ng’ambo ya Mpondwe, ili atakayekwenda kutazama apokewe na mtu asiye wakala?

Kazi ya kufanya kabla ya somo lijalo: kila kikundi kiandike maswali kumi ya safari ya kutazama, matano kutoka kwa wanaume na matano kutoka kwa wanawake, na kuyapeleka kwa katibu wa tawi. Orodha hiyo ibandikwe ubaoni, ili mwanachama anayeondoka aichukue. Kuuliza si ujinga.